Lawama Aliyoibeba Truman

Tarehe 9 Agosti 1945, siku bomu la pili la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, Rais Harry Truman wa Marekani alimwandikia barua Richard Russell, seneta wa Georgia. Siku mbili kabla, Russell alikuwa amempelekea telegramu akimhimiza awapige Wajapani bila kulegeza mpaka waombe wenyewe kujisalimisha. Truman alimjibu kwamba anajua Wajapani wamepigana kikatili mno, lakini hawezi kujishawishi kuwa ukatili wao unawapa Wamarekani ruhusa ya kutenda vivyo hivyo, na kwamba yeye binafsi anasikitika kuona umati wa watu ukiangamizwa kwa sababu ya ukaidi wa viongozi wao. Tarehe 11 akamjibu mtu mwingine, Mchungaji Samuel McCrea Cavert, katibu mkuu wa Baraza la Shirikisho la Makanisa, aliyekuwa amelalamikia mabomu hayo. Safari hii alisema kwamba ukikabiliana na mnyama huna budi kumtendea kama mnyama. Kwa mwanasiasa aliyetaka damu zaidi, rais alizungumza kama mchungaji. Kwa mchungaji, akazungumza kama yule mwanasiasa.

Njia rahisi ni kusema kwamba mtu huyu alikuwa mnafiki, tukafunga mjadala. Sioni kuwa ni njia ya haki, na isitoshe haitufundishi kitu. Mnafiki husema asichokiamini, ilhali barua hizi zinamwonyesha mtu aliyeyaamini yote mawili kwa pamoja na hakujua ayaweke wapi. Alijua kwamba walioungua hawakuwa wale walioshambulia Pearl Harbor wala waliowatesa mateka wa Kimarekani. Alijua pia kwamba yeye ndiye aliyeruhusu. Kwa miaka 27 iliyobaki ya uhai wake aliyafunika mambo hayo mawili kwa jambo la tatu, kwamba uamuzi ulikuwa wake na lawama zote ni zake. Oktoba ya mwaka ule ule wa 1945 aliletewa kibao cha mezani kilichotengenezwa katika gereza la vijana huko El Reno, Oklahoma, chenye maneno ya kutangaza kuwa hapa ndipo mzigo unapoishia, hausukumiwi mtu mwingine. Kibao hicho kimemjengea sifa kuliko sheria yoyote aliyotia saini. Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo, ingawa ni ya kweli, imetumika kuzima swali badala ya kulijibu. Kukubali kuulizwa juu ya tendo ni jambo moja, na kuwa na haki ya kulitenda ni jingine. La kwanza halizai la pili.

Truman anafaa kwa mjadala huu kuliko watawala wengi wa karne yake kwa sababu hakuwa jabari. Hitler na Stalin hawatupi fumbo lolote la maadili. Tunawalaani tukaenda zetu. Huyu alizaliwa Missouri mwaka 1884 katika familia ya wakulima, akalima mwenyewe, akaongoza kikosi cha mizinga Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akafungua duka la nguo za kiume huko Kansas City lililofilisika mwaka 1922, na badala ya kukimbia wadai wake akalipa madeni kwa miaka mingi. Alikuwa Mbaptisti aliyeisoma Biblia tangu utotoni. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliingia siasa kwa mgongo wa genge la kisiasa la Pendergast, ambalo halikuwa na jina zuri, lakini hakuna aliyepata kumshika na mkono mchafu wa fedha. Rais Roosevelt alipofariki tarehe 12 Aprili 1945, Truman alikuwa amekaa makamu wa rais kwa siku 82 tu. Mtu wa namna hii akitenda jambo la kutisha, hatuwezi kujificha nyuma ya uovu wa tabia yake. Itatubidi tulitazame tendo.

Na tukilitazama, kwanza tuulize aliamua nini hasa, maana hata wanaomtetea hupita haraka hapo. Mradi wa bomu hakuuanzisha yeye. Hakujua lolote la maana kuuhusu mpaka alipokula kiapo. Maelezo kamili alipewa tarehe 25 Aprili na Waziri wa Vita Henry Stimson pamoja na Jenerali Leslie Groves. Kamati iliyoongozwa na Stimson ilipendekeza, baada ya vikao vya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, kwamba bomu litumike bila onyo dhidi ya kiwanda cha zana za vita kilichozungukwa na nyumba za wafanyakazi. Pendekezo hilo linastahili kusomwa polepole. Kama shabaha ni kiwanda, nyumba zinatajwa za nini? Zinatajwa kwa sababu bila nyumba zile tukio lisingetisha kiasi kilichotakiwa. Wanakamati waliopendekeza hivyo walikuwa wasomi na waungwana, na lugha yao ya kiofisi iliwawezesha kuwaweka watu ndani ya shabaha bila kusema kwamba watu ndio shabaha. Amri yenyewe ya tarehe 25 Julai haina saini ya rais. Ilitiwa saini na Jenerali Thomas Handy, ikapelekwa kwa Jenerali Carl Spaatz, ikitaja Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki, na kuelekeza kwamba bomu la kwanza liangushwe baada ya tarehe 3 Agosti hivi, hali ya hewa ikiruhusu, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Ndiyo maana hapakuwa na kikao chochote kilichoketi kuijadili Nagasaki. Ndege iliyoruka alfajiri ya tarehe 9 ilikuwa inakwenda Kokura. Mji ulipofichwa na wingu na moshi, ikageukia mji wa pili katika orodha. Watu wapatao 70,000, kwa makadirio yanayotajwa sana ya waliokufa hadi mwisho wa mwaka, walipoteza maisha Nagasaki kwa sababu anga la mji mwingine lilikuwa limefunga.

Tarehe 10 Agosti, Japani ilipoanza kuonyesha dalili za kukubali masharti, ndipo Truman alipotoa amri ambayo ilikuwa yake kutoka mwanzo hadi mwisho: bomu jingine lisitumike bila idhini yake mwenyewe. Henry Wallace, waziri wake wa biashara, aliandika katika shajara yake kwamba rais aliwaambia mawaziri kuwa wazo la kufutilia mbali watu wengine 100,000 linatisha mno, na kwamba hakupenda kuwaua watoto wote wale. Naiona amri hii kuwa tendo bora zaidi la wiki ile yote. Lakini mtu anayeisifu ajue anachokisifu. Kama watoto walikuwa sababu ya kutosha ya kusimama tarehe 10, walikuwa sababu ya kutosha tarehe 6. Hawakuzaliwa siku nne zile. Pengine utasema kwamba kabla ya Hiroshima hakujua ukubwa wa madhara. Ukubwa huenda hakuujua barabara, ila aina ya madhara aliijua. Katika shajara yake ya tarehe 25 Julai, akiwa Potsdam, aliandika kwamba amemwagiza Stimson alitumie bomu dhidi ya shabaha za kijeshi, askari na mabaharia, wala si wanawake na watoto. Siku hiyo hiyo amri iliyotoka ilitaja miji. Kati ya shajara na amri kuna pengo, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuliziba ni mmoja.

Hapa yafaa kukiri kile kilicho chema katika kibao kile. Bomu la Hiroshima lilikuwa kazi ya mikono mingi mno, na mikono mingi ni mahali pazuri pa kujifichia. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika mji wa mgodi ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi, ikichimbwa na Waafrika chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake Edgar Sengier alikuwa ameshahamishia New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo mwaka 1940, na baada ya vita Marekani ilimtunuku nishani. Wachimbaji hawakutunukiwa kitu, wala hawakuwa na njia ya kujua mawe yale yanakwenda kufanya nini. Kutoka mchimbaji wa Katanga hadi mwanafizikia wa Los Alamos, hadi rubani, hadi karani aliyepiga chapa ile amri, kila mmoja angeweza kusema kwa ukweli kiasi kwamba sehemu yake ilikuwa ndogo. Katika hali hiyo, kiongozi anayesimama na kusema muulizeni mimi anatenda jambo adimu, na waliofanya kazi serikalini popote duniani wanajua jinsi lilivyo adimu. Ila kauli hiyo ina hatari yake. Akishasema muulizeni mimi, wengine wote hupumua. Stimson akawa mshauri tu, Handy mtia saini tu, kamati ikawa kamati. Kubeba lawama zote kwa mtu mmoja kunaweza kuwa njia ya kuwafanya mamia ya watu wasiwe na la kujibu, na yule mmoja naye asipatikane wa kumuuliza.

Aliyejaribu kumuuliza ni mwanamke mmoja wa Oxford. Mwaka 1956 chuo kikuu hicho kilipotaka kumpa Truman shahada ya heshima, mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, Mkatoliki na mwanafunzi wa Wittgenstein, alisimama mbele ya wahadhiri wenzake kupinga. Waliomuunga mkono walikuwa wachache tu, na shahada ikatolewa Juni. Anscombe akaandika kijitabu kuhusu shahada hiyo, na mwaka 1957 akachapisha kitabu chake juu ya nia ambacho hadi leo ni msingi katika falsafa ya matendo. Hoja yake ilikuwa fupi. Kuchagua kuwaua wasio na hatia ili iwe njia ya kufikia lengo lako ni uuaji wa kukusudia, lengo liwe lolote. Hakuwa mpinzani wa kila vita; kinyume chake, aliwalaumu wapinzani wa vita vyote kwa kuwafundisha watu kwamba damu ni damu, ili mtu akishaona vita havikwepeki aone pia kwamba hakuna tena mpaka. Alitofautisha kifo ambacho mpiganaji anakiona kuwa huenda kikatokea anapolenga kambi ya jeshi, na kifo anachokihitaji ili mpango wake ufanikiwe. Kule Hiroshima vifo vilihitajika. Mji ambao watu wake wote wangekuwa wamehama usiku ule usingefanya kazi iliyokusudiwa. Fundisho hili si la Wakatoliki pekee. Mtume Paulo aliikataa hoja ya kutenda uovu ili wema upatikane, na mapokeo ya Kiislamu yanasimulia jinsi Khalifa Abubakar alivyowausia majemadari wake wasiwaguse wanawake, watoto wala wazee.

Pingamizi kubwa ni la hesabu. Uvamizi wa kisiwa cha Kyushu ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba 1945, na wa eneo la Tokyo mwaka uliofuata. Okinawa ilikuwa imekwisha kuonyesha bei: Wamarekani zaidi ya 12,000 waliuawa, na wenyeji wa kisiwa kwa makumi ya maelfu. Bomu, wanasema, liliokoa wengi kuliko liliowaua. Idadi ya waliookolewa imekuwa ikipanda kadiri miaka inavyopita. Makala ya Stimson ya mwaka 1947 ilitaja majeruhi na wafu zaidi ya milioni moja upande wa Marekani peke yake, kiasi kilicho juu mno kuliko takwimu alizosomewa Truman katika kikao cha tarehe 18 Juni 1945. Sitaki kushinda kwa ubishi wa takwimu, hata hivyo, kwa sababu pingamizi hili lina umbo lenye nguvu zaidi ambalo Wamarekani wenyewe hulitaja mara chache. Kila wiki vita vilipoendelea, watu walikufa China, Indonesia na Vietnam chini ya uvamizi wa Japani, wengine kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa. Kusubiri hakukuwa bure, na waliolipia kusubiri huko hawakuwa na hatia zaidi ya watoto wa Hiroshima. Anayeshikilia kwamba asiye na hatia hauawi na mtu yeyote kwa kukusudia lazima aimeze gharama hii bila kuipaka sukari. Mimi naimeza. Yule mwanajeshi wa Kijapani anayemfisha Mchina kwa njaa ni mtendaji mwenyewe na dhambi ni yake. Kuizuia ni wajibu mkubwa, lakini si wajibu unaofungua kila mlango. Tukisema unafungua kila mlango, basi yeyote mwenye kumshika mateka mtoto mmoja ana mamlaka ya kutuamuru tumuue mwingine.

Zaidi ya hapo, hesabu ile inaanza baada ya uzio kujengwa. Inatuonyesha mambo mawili tu, bomu au uvamizi, kana kwamba yalishushwa kutoka mbinguni. Uzio uliyaacha nje masharti ya amani yenyewe. Marekani ilidai Japani ijisalimishe bila masharti, na Tamko la Potsdam la tarehe 26 Julai halikusema lolote waziwazi kuhusu hatima ya Mfalme Hirohito, ingawa Stimson na Joseph Grew, aliyekuwa balozi Tokyo kwa miaka kumi, walishauri Wajapani wahakikishiwe kwamba kiti chake kitabaki. Baada ya mabomu mawili na baada ya Umoja wa Kisovieti kuitangazia Japani vita tarehe 8 Agosti, mfalme akabakishwa. Hakuna anayeweza kuapa kwamba neno hilo lingetosha mwezi Julai. Majenerali wa Tokyo walikuwa wagumu, na baadhi yao walijaribu mapinduzi hata baada ya mfalme kuamua. Ila anayesema hapakuwa na njia nyingine anapaswa kuwa amezijaribu nyingine. Anscombe aliliona hili mapema, kwamba ukaidi wa kudai kujisalimisha bila masharti ndio uliozaa ulazima ule, na mtu hawezi kutengeneza dharura kisha akajitetea kwa dharura.

Wengine husema kwamba katika vita vya namna ile hapakuwa na raia. Kila mama wa Kijapani alikuwa nyuma ya mashine ya kiwanda, na kila kijana alifundishwa kushika mkuki wa mwanzi. Wanaongeza kwamba mpaka ulikwisha kuvukwa usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi, Tokyo ilipochomwa kwa mabomu ya moto na watu wapatao 100,000 wakafa, kabla Truman hajawa rais. Hoja ya pili ni kweli tupu, na inaongeza mashtaka badala ya kuyapunguza. Hoja ya kwanza Truman mwenyewe aliikanusha kwa vitendo vyake. Tangazo lake la tarehe 6 Agosti liliiita Hiroshima kituo muhimu cha jeshi, na katika hotuba ya redio ya tarehe 9 alisema mji huo ulichaguliwa ili kuepuka kadiri iwezekanavyo kuua raia. Makao ya jeshi yalikuwapo, ni kweli. Lakini shabaha aliyopewa mrushaji ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji. Nagasaki, bomu lilipasuka juu ya bonde la Urakami, karibu na kanisa kuu la Wakatoliki ambao mababu zao waliishika imani kwa siri kwa zaidi ya miaka 200. Mtu asingehangaika kuueleza mji kuwa kambi kama angeamini kweli kwamba raia hawapo. Katika hotuba hiyo hiyo ya redio alimshukuru Mungu kwamba silaha ile imewaangukia Wamarekani na si adui zao, akaomba mwongozo wa kuitumia katika njia za Mungu. Waswahili tuna methali ya mkuki na nguruwe, na mtu angedhani imetungwa kwa ajili ya wiki ile. Hata Stimson, aliyeikwamua Kyoto kwa kuiondoa katika orodha kwa ajili ya mahekalu na historia yake, alithibitisha bila kukusudia kwamba palikuwa na nafasi ya kuuliza ni kipi hakipaswi kuguswa.

Mwanafalsafa Michael Walzer, katika makala yake ya mwaka 1973, alipendekeza njia ya kati ambayo wengi wameikimbilia. Mtawala, alisema, wakati mwingine hulazimika kuchafua mikono yake. Anatenda kosa kwa kuwa hali inamlazimu, na uadilifu wake unajulikana kwa jinsi anavyojua kuwa ametenda kosa na kubeba hatia yake. Ni wazo lenye utu, na likikubaliwa lingemwokoa Truman nusu. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alikataa kuokolewa hivyo. Mara kwa mara alisema kwamba hakujuta, na kwamba angefanya tena. Inasimuliwa kwamba Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza kazi ya kuunda bomu, alipomwambia Oktoba 1945 kuwa anahisi ana damu mikononi, rais alikasirika, akasema baadaye kwamba hataki kumwona tena ofisini kwake. Aliidai lawama, akaikataa hatia. Ukichunguza, hayo mawili hayakai pamoja. Lawama isiyo na hatia ndani yake ni heshima iliyovaa nguo za kazi; mtu anajipigia kifua kwa jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, si kosa, na kama si kosa hapana mzigo wa kubeba. Na bado alijua. Julai 1948 aliwaambia washauri wake, kwa mujibu wa shajara ya David Lilienthal aliyeongoza tume ya nishati ya atomiki, kwamba kitu hiki si silaha ya kijeshi, ni cha kufutia wanawake na watoto na watu wasio na silaha. Hakuna mpinzani wake aliyepata kulisema vizuri zaidi.

Mwaka 1958 madiwani wa Hiroshima walimwandikia kupinga kauli zake za kutojuta. Aliwajibu, na katika jibu hilo akasema kwamba Hiroshima na Nagasaki zilitolewa kafara iliyokuwa ya lazima kwa ustawi wa baadaye wa Japani na wa mataifa yaliyopigana nayo. Kwa msomaji wa Biblia kama yeye, ni jambo la ajabu kuliandika. Katika dini zote zinazojua kafara, mtoaji hutoa katika zizi lake. Ibrahimu, kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, alipandisha mlimani mwanawe mwenyewe, tena akazuiwa. Na uzito wote wa kisa umo katika hayo mawili. Anayetoa mwana wa jirani kwa ustawi wa wote hatoi kitu, anachukua. Sidhani Truman alikuwa anafanya ubishi wa kiteolojia na madiwani wale. Nadhani aliishika picha iliyokuwa karibu, kwa sababu ilimruhusu kukiri ukubwa wa hasara na kukana ubaya wake katika sentensi moja.

Wako watu waungwana wanaouliza sisi tulioketi vitini, mbali na vita, tuna haki gani ya kumhukumu. Paul Fussell, mwandishi aliyekuwa ofisa kijana wa jeshi akisubiri kupelekwa Japani, alilisema hilo mwaka 1981 kwa ukali unaoeleweka. Namwelewa, na shukrani yake ya kubaki hai siwezi kuibeza. Lakini mwanafalsafa John Rawls, aliyepigana Ufilipino kama askari wa kawaida na kupita Hiroshima na jeshi la uvamizi, aliandika mwaka 1995 kwamba yaliyotendwa pale yalikuwa makosa makubwa. Kwa hiyo kiti alichoketi mtu hakiamui. Na wapo waliokuwa karibu zaidi kuliko wote wawili, chini ya bomu lenyewe. Kumhukumu Truman kama nafsi ni kazi ya Muumba wake. Anscombe hakutaka afungwe wala atukanwe. Alitaka asiheshimiwe kwa ajili hiyo. Mtu huyu anaweza kuheshimiwa kwa mengine. Julai 1948 aliamuru ubaguzi wa rangi ukomeshwe jeshini, akijua ungemgharimu kura za Kusini, na mwaka 1951 akamfukuza Jenerali Douglas MacArthur wakati Wamarekani wengi walikuwa upande wa jenerali.

Hata hivyo kuna sehemu ya urithi wake inayogusa walio hai, nayo ni lile wazo la kibao lililogeuzwa kuwa utaratibu wa dola. Kutokana na amri ya tarehe 10 Agosti, sheria ya mwaka 1946 na maagizo ya mwaka 1948, ilithibitika kwamba kuamua kutumia silaha ya nyuklia ni mamlaka ya rais peke yake, si ya majenerali. Kwa kulinganisha na amri ya Handy, iliyoacha mawingu yachague mji, haya ni maendeleo, na Truman anastahili sifa yake. Korea hakuitumia, ingawa alishinikizwa. Ila utaratibu huo umelitatua swali la nani, ukaliacha swali la nini. Unamtambua mtu mmoja kuwa ndiye wa kuulizwa, bila kuweka mtu wa kumuuliza kabla ya tendo. Tarehe 30 Novemba 1950 Truman aliwaambia waandishi wa habari kwamba matumizi ya bomu huko Korea yamekuwa yakifikiriwa, na ndani ya siku chache Clement Attlee, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa Washington akitaka uhakika kwamba nchi yake itashirikishwa kabla ya uamuzi wowote kama huo. Alipokewa vizuri. Taarifa ya pamoja iliyotolewa tarehe 8 Desemba ilieleza tumaini la rais kwamba hali ya dunia haitalazimisha bomu kutumika, na nia yake ya kuendelea kumjulisha waziri mkuu mambo yanavyokwenda. Kushauriwa hakukuandikwa.